Mmepatana Kuachana?

Ndugu Wakristu wa Mugunga, twasikia waume na wake wakifundishana maneno ya kumwambia hakimu, ili talaka yao iishe upesi. Tena wajisifu: "Hatugombani, tumepatana." Lo! Mmepatana nani achukue mabati, nani alee watoto, mkashindwa kupatana kukaa pamoja? Hata Sheria ya Jamaa ya Kongo ya mwaka 1987 yamwagiza hakimu ajaribu kwanza kuwapatanisha. Mbona mwaenda kumdanganya? Mke aliye hatarini kwa kupigwa, Kanisa lamruhusu kukaa mbali na mumewe. Lakini ndoa mliyoifunga altareni, hakimu hawezi kuifungua. Basi, mnaojitayarisha kwa siku ya baraza, anzeni kwa kuungama. Kisha watazameni watoto wenu usoni.