Fungeni Mabanio, Chimbeni Visima

Tangu 1993, kila kiangazi Mto Ruaha Mkuu hukatika ndani ya hifadhi inayobeba jina lake. Viboko hurundikana kwenye madimbwi ya tope, samaki huozea juani. Nasi hutafuta wa kumlaumu. Mwaka 2006 tulimpata mfugaji, akaondolewa na ng'ombe wake kwenye ardhioevu ya Ihefu, ambako mto huu hupitia. Mwaka 2008 pori la akiba la Usangu likaunganishwa na hifadhi. Mto ukaendelea kukauka!

Tuseme kweli: maji mengi ya kiangazi huishia kwenye mifereji ya mpunga ya bonde la Usangu, kabla mto haujafika hifadhini. Simlaumu mkulima wa huko wilayani Mbarali, ambaye jasho lake ndilo wali wetu. Nawalaumu wapangaji wa bajeti, ambao kwao kipaumbele ni hekta tu: banio jipya la kuchepusha maji ya mto, mfereji mpya, utepe ukatwe, makofi yapigwe.

Hivi wamewahi kwenda huko baada ya mavuno? Mpunga umeshaingia ghalani, lakini mabanio yako wazi, maji yanatambaa kilomita nyingi kwenye mfereji wa udongo. Kwa nini? Kwa sababu kijiji cha mwisho kinakunywa humo na kufulia humo. Ili mama apate ndoo zake mbili, mto unamwagwa mchangani. Mpeni kisima kirefu chenye pampu, banio lifungwe! Kisima hicho ni pembejeo ya mpunga kama ilivyo mbolea, na ndicho kingetangulia kwenye bajeti ya umwagiliaji.

Kisha sawazisheni majaruba. Jaruba lenye vichuguu na mashimo humlazimu mkulima kulijaza hadi kilele cha mwisho kilowe, na urea aliyoinunua kwa mkopo huondoka na maji kwenda kwa jirani. Likiwa sawa, kilimo shadidi kinawezekana: mche wa siku 8 hadi 12, mmoja kwa shina, maji yakiingizwa na kukaushwa kwa zamu. Mpunga huvumilia maji, hauyadai kila saa. Yanaweza kushuka sentimita 15 chini ya udongo ndipo umwagilie tena, na mavuno yasipungue. Wakulima wa Mwea, Kenya, walianza njia hii mwaka 2009. Sisi bado tunahesabu hekta.

Waheshimiwa wabunge, mkiletewa fungu la banio jingine Usangu, likataeni. Ulizeni kwanza visima vingapi vimechimbwa kando ya mifereji ya zamani.