Tuondoe Chumvi Mezani

Kliniki yetu ya shinikizo la damu hujaa kila mara, na sisi wauguzi tuna kosa letu: tunagawa vidonge bila kuuliza chungu cha nyumbani kinatiwa chumvi kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai kisichojaa. Humo hesabu pia ya samaki wa chumvi, mkate na viungo vya mchuzi vya dukani.

Chumvi ikizidi, mwili hushika maji na damu husukuma kuta za mishipa kwa nguvu. Miaka ikipita, mishipa hukakamaa. Madini ya potasiamu husaidia figo kutoa chumvi hiyo na mishipa kulegea. Yamo katika ndizi, maharage, viazi na mchicha. Basi akina mama, msimwage maji ya mchicha. Sehemu ya madini hubaki humo. Ila mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza hospitali, kwani kwake potasiamu ikizidi huweza kusimamisha moyo.

Kwa maoni yetu, kikopo cha chumvi kiondoke mezani. Baba atanung'unika wiki kadhaa, kisha ulimi utazoea. Vidonge alivyoandikiwa aendelee kuvimeza.