Kijana na Santuri ya Mayowe

Mama mmoja wa Ndera, ambaye mumewe ni askari aliye kazini mbali, anatuuliza kama azifute nyimbo zilizomo katika simu ya mwanawe. Kijana hujifungia chumbani akisikiliza mayowe, na majirani humkumbusha mama kwamba hospitali i karibu. (Hospitali ile, iliyofunguliwa mwaka 1972, ni ya kutibia wagonjwa, si ya kutishia watoto.)

Mama, usizifute. Ulizozitaja ni za Zen Arcade, santuri mbili za kikundi cha Hüsker Dü cha Minneapolis, Marekani, zilizotolewa mwaka 1984. Ni panki ya kasi na ukali; hata sisi masikio yalituuma. Wanamuziki watatu waliirekodi na kuikamilisha kwa saa 85 hivi, na karibu kila wimbo uliachwa kama ulivyopigwa mara ya kwanza. Lakini vipande vyake 23 vimefungamana vikawa hadithi moja: nyumbani kuna ugomvi, kijana anatoroka, na huko nje anakuta mabaya kuliko aliyoyakimbia. Msichana anakufa kwa dawa za kulevya. Mwishowe kijana anazinduka. Kumbe ilikuwa ndoto.

Basi jioni moja keti naye, umwombe akueleze kijana yule alitorokea nini. Usimkatize. Akianza kuitaja nyumba yenu, mpigie baba yake usiku uohuo. Na ikiwa kwa majuma halali wala hali, mpeleke kwa daktari, mchana, majirani wakitazama.