Fizi na Baraka: Krimu za kuondoa madoa zinavyorudisha chunusi usoni

Kijana wa Baraka au Fizi anayesumbuliwa na chunusi huenda sokoni akitafuta vitu viwili: dawa ya kukausha chunusi zenyewe, na kitu cha kuondoa madoa meusi yanayobaki zikishapona. Dawa ya kwanza ni vigumu kuipata. Ile ya pili huuzwa wazi, katika tyubu na vikopo vyenye picha ya uso mweupe unaong'aa. Na hapo ndipo matatizo huanza, kwa kuwa baadhi ya krimu za kung'arisha zinazozunguka katika masoko ya ukanda huu zina dawa ambazo zenyewe huleta chunusi.

Chunusi huanzia ndani ya kinyweleo, yaani kitundu kidogo cha ngozi ambamo unywele huota. Humo ngozi hutoa mafuta yake ya asili. Mafuta hayo yakichanganyika na seli zilizokufa, kitundu huziba. Bakteria wanaoishi humo huongezeka, sehemu hiyo inavimba na wakati mwingine inatunga usaha. Kwa ngozi nyeusi, kila uvimbe unaweza kuacha doa linalokaa miezi mingi. Watu wengi huchukia doa hilo kuliko chunusi yenyewe.

Je, mawese ndiyo yenye kosa?

Fizi ni nchi ya ngazi. Mawese huingia jikoni na katika sabuni, na mafuta ya kokwa hupakwa kwenye ngozi na nywele. Mafuta ya kupaka yanayotoka viwandani nayo mara nyingi yana mazao ya mti huo huo. Kwenye lebo huandikwa kwa jina la kisayansi, Elaeis guineensis. Nazi huandikwa Cocos nucifera, na siagi ya kakao Theobroma cacao.

Mafuta mazito ya aina hiyo yanaweza kuziba vinyweleo kwa mtu mwenye ngozi yenye mafuta mengi. Mwaka 1970, watafiti nchini Marekani walieleza chunusi za paji la uso na pembeni mwa macho kwa watu weusi waliozoea kupaka nywele zao mafuta mazito. Dawa ya kwanza ilikuwa rahisi: kuacha mafuta hayo, au kuyazuia yasishuke usoni.

Lakini orodha nyingi za mafuta "yanayoziba" zilitokana na majaribio kwenye masikio ya sungura, ambayo huziba upesi kuliko uso wa mtu. Hata maneno ya Kifaransa "non comédogène" kwenye kikopo si ahadi kamili, kwa sababu hakuna kipimo kimoja ambacho viwanda vyote vinalazimika kukifuata. Kwa hiyo mama anayepaka mafuta ya ngazi miguuni na mikononi hana sababu ya kuogopa. Mwenye chunusi ndiye anayepaswa kuyaweka mbali na uso.

Hatari kubwa iko katika krimu

Kuna viambato vitatu vya kuchunguza. Cha kwanza ni dawa za jamii ya kotikosteroidi, hasa clobetasol na betamethasone. Hizi ni dawa za hospitali, za kutuliza magonjwa makali ya ngozi kwa muda mfupi. Zikipakwa usoni, siku za mwanzo uvimbe hushuka na rangi hufifia, na mtu huamini amepona. Zikiendelea kwa wiki na miezi, ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo huonekana, na vipele vingi vinavyofanana hutokea. Akiacha ghafla, uso huwaka na kuvimba. Basi hurudi kununua tyubu nyingine, na mzunguko unaendelea.

Cha pili ni hydroquinone. Huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini ikitumika muda mrefu inaweza kuacha mabaka ya rangi ya bluu na nyeusi ambayo ni vigumu sana kuyaondoa. Umoja wa Ulaya uliiondoa katika krimu za kung'arisha tangu miaka zaidi ya 20 iliyopita.

Cha tatu ni zebaki, ambayo hupenya ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Kwa mama mjamzito, inaweza kumfikia mtoto tumboni.

Hatari huongezeka kwa mkorogo, pale muuzaji anapochanganya krimu kadhaa katika kikopo kisicho na lebo. Hapo mnunuzi hana njia ya kujua anachopaka.

Sheria zipo, njia ni nyingi

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka kikomo kwa vipodozi. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa vipodozi vyote vilivyowekwa zebaki ifikapo 2025. Mwaka huo huo wa 2023, Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio dhidi ya vipodozi vyenye hydroquinone. Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022.

Hata hivyo, bidhaa hufika Baraka kwa mitumbwi na meli za Ziwa Tanganyika na kwa barabara ya Uvira. Katika eneo lililochoshwa na vita na wimbi la wakimbizi, krimu si jambo la kwanza katika ukaguzi. Tena, kumnyang'anya mama wa sokoni bidhaa zake hakutoshi. Mteja wake bado ana madoa usoni, na atatafuta pengine.

Kinachokosekana ni dawa halali. Benzoyl peroxide ya asilimia 2.5 hadi 5 hupunguza bakteria. Salicylic acid hulegeza kile kinachoziba vinyweleo. Azelaic acid husaidia chunusi pamoja na madoa, na wajawazito pia huandikiwa. Adapalene hufanya kazi vizuri, ila wajawazito hawashauriwi kuitumia. Zote zinahitaji subira ya wiki 6 hadi 12, wakati krimu yenye kotikosteroidi huonyesha matokeo kwa siku chache. Ndiyo maana hushindwa sokoni.

Kwa aliyekwisha kutumia krimu kali kwa miezi, ushauri wa waganga ni kutoacha kwa siku moja bila kumwona mhudumu wa afya, na kumpelekea tyubu yenyewe ili asome kilichoandikwa. Kwa anayeanza leo, kunawa kwa sabuni laini mara mbili kwa siku, kutokamua chunusi na kujikinga na jua huzuia madoa mapya. Na famasi za Baraka zikianza kuweka benzoyl peroxide mahali mteja anapoiona, kijana atakuwa na kitu kingine cha kuchagua zaidi ya kikopo chenye picha ya uso mweupe.