Kikopo Kinachoiogopa Pete

Majuzi nilialikwa arusini Tongaren, kaunti ya Bungoma, katika nchi ya mahindi iliyo kusini ya Kitale. Siku mbili kabla ya ndoa nilimkuta binti wa mwenyeji wangu kaketi barazani, kioo mkononi, akijipaka krimu kutoka kikopo kidogo. Uso ulikwisha kuwa mwekundu, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Bibi yake, ambaye wote nyumbani humwita Kukhu, alikuwa akimtazama bila ya kusema neno.

"Mwanangu, haikuwashi?" nikamwuliza.

"Kidogo tu, Baba. Lakini siku ya arusi watu watapiga picha."

Nikakiomba kile kikopo nikakisoma. Ndani ya maandishi madogo palikuwa na onyo kwamba krimu isiguse dhahabu wala fedha. Msomaji mpenzi, onyo la namna hiyo ni moja katika dalili za zebaki, kwani zebaki hushikana na dhahabu ikaiharibu. Basi kitu kinachoogopewa na pete, uso utakistahimili vipi?

Kazi ya zebaki ni kuizuia ngozi isitengeneze rangi yake. Lakini haikomei kwenye ngozi. Hupenya mwilini ikafika mafigoni. Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60 wa figo waliowachunguza katika Hospitali ya Kenyatta. Kati yao, 32 walikuwa wametumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Nayo haidrokwinoni, dawa nyingine ya kujichubua, ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta mabaka meusi ya kibuluu yasiyotoka. Madaktari wa Afrika Kusini walilieleza hilo mwaka 1975. Yaani mtu hukimbia weusi aliozaliwa nao, akaangukia weusi wa maradhi.

Hapa Kenya, shirika la KEBS lilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998. Hata hivyo vikopo vingali vinauzwa, kwa sababu wanunuzi wangaliko.

Kukhu hatimaye alisema. Alipokuwa mwari, alijipaka samli ya ng'ombe wa kwao, na jua la shambani halikumdhuru. Kwetu pwani tuna mafuta ya nazi, uto wa simsim na liwa. Vitu hivi huilainisha ngozi na kuipamba. Havibishani na rangi yake. Rangi hiyo ndiyo mwavuli wetu wa jua, na anayeichubua huukunja mwavuli wake adhuhuri.

Lakini tusidanganyane kwamba kila kiitwacho cha asili ni salama. Ndimu ni ya asili, na mtu akijipaka maji yake kisha akatoka juani ngozi huungua. Hina ni ya asili, lakini huko kwetu siku hizi watu hutumia piko, ile rangi ya kutilia nywele weusi, ili maua yaive upesi. Na wako maharusi waliotoka malengelenge mikononi. Kwa hivyo jambo la kwanza ni kujua kilichomo ndani. Kikopo kisichotaja vilivyomo, au mkorogo uliokorogwa nyuma ya duka, usiununue. Na aliyekwisha kuutumia, kisha akaona miguu au uso unavimba, aende hospitali upesi akapimwe mkojo, na kikopo achukue.

Sasa nirudi kwa yule binti. Ni rahisi kumlaumu, lakini nani aliyemfundisha kuwa weupe ndio uzuri? Wanaume tunaochagua wachumba kwa rangi tumo. Na sisi washairi tumo. Mimi mwenyewe, katika ujana wangu, nilitunga beti nyingi za kumsifu mwanamke kwa weupe, nikapigiwa makofi. Sikufikiri kwamba ziko nyumba ambamo sifa hizo zingekuja kununuliwa kwa kikopo.

Nilimwambia hayo yote. Akanyamaza kitambo, akakifunga kikopo, akamkabidhi Kukhu. Siku ya arusi alipita mbele yetu na uso uliobabuka bado, lakini unang'aa kwa samli, na pete kidoleni. Nilipotakiwa nitoe beti za kumpongeza, nilivisifu vile vidole vyeusi.