Kukanda nyayo kunapumzisha, lakini hakuondoi vidonge



Kwenye mkutano wa likelemba, mama mmoja alituuliza swali ambalo tumeona tulijibu hapa kwa faida ya wote. Mtu fulani anapita mtaani kwao akikanda watu nyayo kwa malipo. Alimwambia kwamba akimbonyeza katikati ya unyayo, figo zitasafishika na tansio itashuka, na kwamba baada ya mara 6 anaweza kuacha vidonge. "Ni kweli, walimu?" Jibu letu ni fupi: akandwe akipenda, ila vidonge asiache. Sasa tueleze sababu.

Asili yake ni wapi?

Kazi hii inaitwa refleksolojia. Wengi husema imetoka Misri ya zamani. Huko Saqqara, karibu na Kairo, kuna kaburi la Ankhmahor, mkubwa wa serikali aliyeishi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Ukutani wamechongwa watu wanaoshikwa mikono na miguu. Lakini wataalamu hawakubaliani juu ya picha ile: wengine wanaona watu wanakandwa, wengine wanaona wanatunzwa kucha.

Mafundisho yanayotumika leo ni ya juzi tu, tena yalianzia Marekani. Daktari William Fitzgerald, aliyetibu masikio, pua na koo, aligawa mwili katika sehemu 10 za wima, 5 kila upande, toka kichwani hadi vidoleni. Mwaka 1917 alitoa kitabu pamoja na Edwin Bowers. Baadaye Eunice Ingham, mwanamke aliyekuwa akiwatibu wagonjwa kwa kuwakanda na kuwanyoosha viungo, alichora mwili mzima juu ya nyayo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1938.

Ramani inasema nini?

Vidole ni kichwa. Sehemu nene chini ya vidole ni kifua, yaani mapafu na moyo. Katikati, pale palipobonyea, ni tumbo na figo. Kisigino ni kiuno. Mguu wa kulia ni wa upande wa kulia wa mwili, wa kushoto ni wa kushoto.

Sisi walimu tunapenda ramani, lakini tunauliza imepimwa namna gani. Mwanafunzi akichora Kivu ya Kaskazini na kuiweka Butembo kusini mwa Goma, tunamsahihisha, kwa kuwa barabara ipo na mtu anaweza kwenda kuona. Ramani za nyayo zinatofautiana kati ya mwalimu mmoja na mwingine, na hakuna mshipa uliopatikana unaotoka katikati ya unyayo na kuingia kwenye figo. Watafiti waliokusanya majaribio mengi hawakupata uthibitisho wa kutosha kwamba kukanda nyayo kunaponya ugonjwa wowote.

Mbona basi mtu anajisikia vizuri?

Unyayo una mishipa mingi ya fahamu, na kuguswa taratibu kunatuliza mwili. Tena mama aliyekaa dakika 20 bila kuitwa na mtu amepumzika kweli. Tusidharau jambo hilo. Miguu yetu inakanyaga makoro kila siku, na bidoni ya maji mgongoni. Mwaka 2021, Nyiragongo ilipolipuka, wengi wetu tulikwenda kwa miguu hadi Sake na watoto wetu. Miguu kama hiyo inastahili kutunzwa.

Lakini tansio mara nyingi haiumi. Unaweza kukandwa leo, ukalala usingizi mtamu, nayo ikabaki juu palepale. Kujisikia vizuri hakuonyeshi kwamba imeshuka. Kipimo ndicho kinachoonyesha. Ndiyo maana vidonge havipunguzwi na mtu ambaye hakukupima.

Namna ya kufanya nyumbani

Osha miguu kwa maji ya vuguvugu, ikaushe vizuri hata katikati ya vidole, paka mafuta kidogo. Zungusha kifundo polepole. Kisha tembeza kidole gumba kama kiwavi, hatua ndogo ndogo, toka kisiginoni hadi vidoleni. Vuta kila kidole kwa upole. Dakika 10 kwa kila mguu zinatosha. Ikiuma, punguza nguvu; maumivu ya unyayo si alama kwamba ini ni gonjwa. Watoto wakubwa wanaweza kujifunza, na baba pia hakukatazwa.

Usikande, nenda kituo cha afya

– Mguu mmoja umevimba, una joto na unauma. Huenda damu imeganda ndani, na kuusugua ni hatari.

– Mjamzito amevimba uso na mikono, anaumwa kichwa sana au haoni vizuri. Aende siku hiyohiyo, asingoje kesho.

– Mwenye ugonjwa wa sukari ana kidonda mguuni, hata kidogo. Miguu yake inaweza kupoteza hisia, kwa hiyo mtu mwingine ampimie joto la maji kabla hajaitia ndani.

– Mtoto ana homa. Malaria inajulikana kwa kupima damu, na inapona kwa dawa.

Kwa mkutano ujao, tunaomba kila kikundi kiulizane: nani kati yetu anameza dawa za tansio au za sukari, na alipimwa lini mara ya mwisho? Aliyekaa muda mrefu bila kupimwa, mwenzake amsindikize. Jioni wakirudi, wakandane miguu.