Anamuuguza Mkwewe, Ila Hakuna Anayempa Pole

Mwezi uliopita nilikaa kwenye dawati la shule ya msingi, juu kidogo ya Soni, Lushoto, nikiwasikiliza wageni wa shirika moja ambalo sitalitaja. Walikuja kueleza wamewaletea nini watu wanaotunza wazee waliopoteza kumbukumbu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani na akina mama wamejitanda khanga mbili mbili. Baada ya maelezo marefu, zawadi yenyewe ikatajwa: kiungo. Umpigie mratibu, akutumie kiungo kwa WhatsApp, ukibonyeze, yafunguke mafunzo ya mlezi, sura kwa sura, kwa Kiingereza. Kiswahili, tukaambiwa, kipo njiani. Mama aliyekuwa mbele yangu akatoa simu yake, kitochi kilichofungwa mpira ili betri isidondoke, akakitazama, akakirudisha kwenye pindo la khanga.

Niseme mapema ninachofikiri. Kiungo kile hakimsaidii mlezi wa milima hii, na waliokileta wangelijua hilo kama wangeuliza swali moja tu kabla ya kupanda kona za Mombo: wewe ukiwa hapa mkutanini, nani yuko na mgonjwa? Wengi wa waliolengwa hawakuwapo. Walikuwa majumbani, wanamlinda mtu asitoke.

Mkutano ule una historia yake. Mwaka 2017 mataifa yalikubaliana huko Geneva juu ya mpango wa dunia wa kukabiliana na demensia, huo tunaouita ugonjwa wa kusahau. Mwisho wake ulikuwa 2025. Moja ya malengo ni kwamba ifikapo mwaka huo, robo tatu ya nchi ziwe zinatoa mafunzo na msaada kwa walezi na familia. Shirika la Afya Duniani lilipotazama hali mwaka 2021, likakuta ni kama robo tu ya nchi ndizo zenye sera au mpango wowote wa taifa kuhusu ugonjwa wenyewe. Basi Mei 2025 mkutano mkuu wa shirika hilo ukausogeza mwisho hadi 2031. Mwanafunzi kafeli, kajiongezea miaka sita, na darasa zima likapiga makofi. Mzee anayesahau jina la mwanawe mwaka huu hajaongezewa hata wiki.

Na hawa si wachache. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa Watanzania wenye miaka 60 na kuendelea ni asilimia 5.7 ya watu wote. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliopita vijijini mwaka 2010 walikuta kati ya kila wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, zaidi ya 6 wana ugonjwa huu. Hai si Lushoto, najua. Lakini ni maisha yaleyale ya mlimani: shamba liko mteremkoni, maji yako bondeni, na vijana wako Dar es Salaam.

Mmoja wa wanaouguza yuko kwetu. Shemeji yangu ni Mdigo wa Mkinga, aliolewa huku akaja na joto la pwani mwilini, na mpaka leo Julai inamtesa. Mama mkwe wake, ambaye kwangu mimi ni mama mkubwa, alianza kama wanavyoanza wengi: chumvi mara mbili kwenye mboga, ufunguo kwenye ndoo ya maji. Kisha akapoteza Kiswahili. Lugha aliyoijua ukubwani ikatangulia kuondoka, kikabaki Kisambaa cha utotoni, cha ndani kabisa, ambacho mkwewe anakidaka nusu nusu. Saa nane za usiku anaamka kwenda kuanua kahawa. Mibuni ile iling'olewa zamani, pale sasa pana kabichi. Mlango ukisahauliwa komeo anateremka bondeni pekupeku, na umande wa matuta yale si wa kuchezea. Shemeji akajitafutia dawa. Amechana khanga kuukuu, ncha moja anaifunga kwenye mkono wa mgonjwa, nyingine kwenye mkono wake mwenyewe, ndipo analala.

"Mama analalaje siku hizi, shem?" nilimuuliza.

"Yeye analala, shem. Mimi ndiye ninayesikiliza mkono."

Mtu aliyevumbua kengele ya khanga, mafunzo ya mtandaoni yatamwambia nini? Yatamwambia apange ratiba, asibishane na mgonjwa, apumzike. Yote ni kweli. La mwisho ndilo linalonichekesha. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 inasema ndugu wanaotunza hutumia wastani wa saa 5 kwa siku, na kwamba asilimia 70 ya saa za kazi hiyo duniani ni za wanawake. Saa 5! Shemeji angezipata saa 5 angeshukuru.

Sasa nifike ninapotaka. Kiswahili kina neno kuuguza, na neno hili, kwetu, ni zaidi ya kitenzi. Ni kibali. Ikishajulikana kijijini kwamba nyumba fulani wanauguza, mambo yanajipanga yenyewe. Mwenye nyumba haulizwi kwa nini hakufika kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Kikoba kinamwahirishia rejesho. Wanawake wanapita na sukari, na mzigo wa kuni, na sufuria ya uji, na mmoja wao anasema lile neno ambalo hakuna mradi umewahi kulinunua: nenda kaoge, mimi nipo. Hakuna mratibu, hakuna posho ya kikao, hakuna fulana. Mfumo bora wa kusaidia walezi ambao nchi hii imewahi kuwa nao ni huo, na ulikuwapo kabla ya zahanati ya kwanza.

Mwaka jana mtoto wa shemeji aliugua malaria kali. Alilazwa siku tatu. Aliporudi nyumbani nilihesabu wanawake kumi na mmoja waliokuja kumjulia hali, na mmoja alibeba kuku. Mama mkubwa ana mwaka wa nne sasa. Hajaja mtu.

Si kwamba majirani wamekuwa wabaya. Ni walewale kumi na mmoja. Ila kwa hesabu yao, nyumba ile haina mgonjwa. Mama mkubwa hana homa, hajavunjika mguu, anakula, rangi yake nzuri. "Uzee huo," wanasema, "amerudi utotoni." Hai nako watafiti walisikia kauli hiyohiyo: si ugonjwa, ni umri. Na kama si ugonjwa, basi shemeji hauguzi. Anakaa tu na mkwewe, kama mkwe yeyote mwenye adabu. Ndiyo maana alipokosa msaragambo wa barabara alitozwa faini. Ndiyo maana kikoba kimemwondoa kwa uchelewaji. Ndiyo maana akilalamika anaambiwa amechoka kumtunza mama wa watu. Kazi ileile ya kuosha, kulisha, kukesha na kubadilisha shuka, ukiifanya kwa mwenye kiharusi unapewa pole, ukiifanya kwa aliyepoteza kumbukumbu unatozwa faini.

Na kuna kubaya zaidi ya faini. Bibi anayetembea peke yake saa nane za usiku, nguo nusu, akiongea na watu wasiokuwapo, ana majina mawili tu kijijini. Asipoitwa mgonjwa ataitwa lile jina lingine. Sheria yetu ya uchawi ni ya 1928, bado ipo, na Kanda ya Ziwa tumezika vikongwe wengi waliouawa kwa tuhuma za namna hiyo. Usambara haijafikia huko, tumshukuru Mungu, lakini minong'ono nimeisikia kwa masikio yangu, kisimani, asubuhi.

Kwa hiyo nyenzo inayokosekana si maarifa ya mlezi. Ni mtu anayeaminika kusimama mbele ya majirani na kusema: huyu anaumwa, ugonjwa wake uko kwenye ubongo, na nyumba hii inauguza. Akishasema hivyo, kuni zitakuja zenyewe.

Najua yatakayosemwa. Kwamba dunia ni ya simu sasa. Sawa, mwenye simu janja na lugha asome, sijamzuia. Kwamba ziko tiba za vikundi, na huko Hai wazee 34 walikutanishwa katika vikao vya kuchangamsha akili, wakapata nafuu ya kumbukumbu na wasiwasi. Ni kazi nzuri, nami ningependa kuiona ikivuka hadi Tanga. Kwamba yako makazi ya wazee, kama Mwanzange pale Tanga mjini. Hayo ni ya wasio na ndugu, na shemeji hajaomba mtu amchukue mkwewe. Kwamba Usambara hiihii ina Lutindi, ambako Wajerumani wa misheni walijenga makao ya watoto waliokombolewa utumwani mwaka 1896, yakageuzwa hospitali ya magonjwa ya akili miaka minane baadaye. Tunajivunia Lutindi. Lakini ukimhamisha aliyepoteza kumbukumbu kutoka kwenye nyumba ambayo miguu yake bado inaikumbuka, umemnyang'anya kidogo alichobakiwa nacho.

Hoja moja tu inanitoa kwenye uvumilivu. Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee, tunapewa hotuba kwamba sisi si kama Wazungu, wazee wetu tunawatunza wenyewe, familia ndiyo mila yetu. Familia ipi? Nitajeni majina. Kwenye nyumba ninayoizungumza, familia ni mwanamke mmoja asiye hata wa damu. Mwana wa mgonjwa yuko Kariakoo anapakua karoti. Mabinti wameolewa Handeni na Morogoro. Mimi niko Tanga mjini, natuma hela ya pampasi na kuandika makala. Tukisema "familia inatunza" tunamaanisha "yeye anatunza", kisha tunajipongeza sote kwa wingi. Anayetamka mila kwenye jukwaa aanze kwa kusema usiku wa jana alimwamsha nani, akamwosha nani. Kama hana jibu, ashuke.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya dirisha la wazee. Matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza ni jambo jema, ila dirisha linamhudumia aliyefika dirishani. Zanzibar wamekwenda hatua nyingine: Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyetimiza miaka 70, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Pesa hiyo inamlipa binti wa jirani akae na bibi siku za gulio. Bara tungeiga tungefanya la maana, lakini sitasubiri bajeti ndipo niseme linalowezekana leo.

Linalowezekana lina namba: 137,294. Hao ndio wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao serikali, katika mpango uliozinduliwa na Makamu wa Rais wa wakati huo, Philip Mpango, tarehe 31 Januari 2024, ilisema itawaandaa kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Mhudumu wa kitongoji chetu ni mtoto wa palepale. Anapita nyumba kwa nyumba kuuliza lishe, chanjo na vyandarua. Anasema Kisambaa kile ambacho mama mkubwa amebaki nacho, na akiingia ukumbini bibi anamwita kwa jina la marehemu dada yake, anacheka. Mhudumu huyu haombwi kutibu. Anaombwa aongeze swali moja kwenye daftari: humu ndani kuna anayesahau hadi anapotea? Akijibiwa ndiyo, amwelekeze zahanati, kwa sababu si kila kusahau ni demensia. Kuna kunakotokana na dawa, tezi, upungufu wa damu au huzuni, na hivyo vina tiba. Kisha apite nyumba tano za jirani na sentensi moja. Mwenyekiti wa kitongoji aandike jina la mlezi kwenye orodha ya waliosamehewa msaragambo.

Haihitaji intaneti, na haihitaji kusubiri 2031.

Wakati hayo yakisubiri waraka kutoka Dodoma, nawaomba watu wawili wasisubiri. Shekhe, ukimaliza swala ya Ijumaa huwa unawataja wagonjwa wa kuombewa dua. Mchungaji, nawe Jumapili unayo orodha kama hiyo. Wiki hii ongezeni nyumba ile mnayoijua, ya bibi anayetoka usiku, na mseme wazi kwamba pale wanauguza. Shemeji yangu hajakanyaga gulioni tangu Ramadhani.